Delta na Focus Mbele ya Barabara Mbaya

Kwa miaka mingi Lancia ya Torino ilishinda kila mahali isipokuwa Kenya. Ilitamba Monte Carlo, ikatamba Sanremo, lakini kila ilipokwenda Nairobi kwa Safari Rally ilirudi Italia na hadithi tu. Mwaka 1975 ilileta Stratos, gari la watu wawili lililochongwa kwa ajili ya mashindano na si kwa kazi nyingine yoyote. Sandro Munari akamaliza wa pili, Björn Waldegård wa tatu. Aliyewatangulia alikuwa Ove Andersson ndani ya Peugeot 504, gari la baba wa familia, lile lile ambalo huku kwetu, enzi za Zaire, lilibeba mapadri, wakaguzi wa shule na magunia ya kahawa. Miaka kumi na moja baadaye Markku Alén alijaribu tena na Lancia nyingine ya kimashindano, ile 037, akaambulia nafasi ya tatu. Ushindi ulikuja mwaka 1988, na waliouleta, Miki Biasion na msomaji ramani wake Tiziano Siviero, hawakuwa ndani ya mnyama wa aina ya Stratos. Walikuwa ndani ya Delta, kigari cha milango mitano cha kupelekea watoto shule.

Miaka kumi na moja tena baada ya hapo, Februari 1999, kigari kingine cha Ulaya cha ukoo huo huo kilishinda Safari: Ford Focus, akiendesha Colin McRae wa Scotland, Nicky Grist akimsomea njia. Magari yote mawili yalivaa rangi moja, nyeupe yenye michirizi ya buluu na nyekundu ya kampuni ya vinywaji ya Martini. Ukiziona picha zake kwa mbali, katika vumbi, unaweza kudhani ni gari moja lililozeeka na kuota mabega. Lakini ni kazi za mikono miwili tofauti kabisa, na mimi, mkaaji wa Butembo, mashariki mwa Kongo, ambaye barabara mbaya naijua kwa mgongo na si kwa picha, nimekuwa nikijiuliza ni fundi yupi kati ya hao wawili aliyeiheshimu zaidi barabara.

Atakayeuliza mtu wa Butembo anahusikaje na mashindano ya Wazungu, nitamjibu kwamba huku hatuna mashindano, tuna safari za kawaida. Beni na Butembo zimeachana kwa kilomita hamsini na kitu tu, na kuna misimu ya mvua ambapo shoferi wa Fuso huaga nyumbani akiwa hana hakika atalala mji gani. Ukipanda kuelekea Kipese, katika milima ya Lubero, utapishana na motari aliyepakia abiria wawili na gunia la viazi, akishuka mteremko kwa breki ya nyuma peke yake kwa sababu ya mbele aliifungua mwenyewe isimwangushe. Watu wa namna hii wanajua kupima gari. Hawaulizi linakwenda kasi gani. Wanauliza limebebaje, na likikatika, linakatikia wapi.

Nianze na Delta. Lilizinduliwa mwaka 1979, mchoro wa Giorgetto Giugiaro, mtu aliyependa mstari ulionyooka na pembe inayoonekana. Mwaka uliofuata likachaguliwa gari la mwaka la Ulaya. Halikuwa na haraka yoyote. Wakati huo tayari Wajerumani walikuwa wameonyesha kwamba gari dogo lenye mlango wa nyuma unaoinuka linaweza kutiwa injini ya hasira na bado likabeba mizigo ya nyumbani: Golf GTI ya mwaka 1976, lita 1.6, nguvu za farasi 110. Volkswagen ilipanga kutengeneza 5,000 tu. Kizazi cha kwanza peke yake kikapita 460,000. Tangu hapo kila kampuni ya Ulaya ilitaka kigari chake cha namna hiyo, na vijana wa Paris, Milano na Manchester wakapata gari moja la kwendea kazini Jumatatu na la kufanyia ukorofi Jumamosi.

Delta ya kawaida ilisukumwa katika mashindano na msiba. Mei 1986, katika mashindano ya Corsica, Henri Toivonen na Sergio Cresto waliungua ndani ya Lancia yao baada ya kuacha barabara. Magari ya daraja lile, Group B, yalikuwa na nguvu kupita akili za wanadamu waliokaa ndani yake na waliosimama kando kuyatazama. Wakuu wa mchezo wakayafuta mwisho wa mwaka. Kuanzia 1987 lilibaki daraja la Group A, na sheria yake ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kuitimiza: gari unalotaka kushindana nalo, lazima utengeneze 5,000 ya kuuza ndani ya miezi kumi na miwili. Yaani mshindani na mnunuzi wanakula chungu kimoja.

Sheria hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko magari yenyewe. Ilimkataza fundi kudanganya. Alichotaka kukipeleka Kenya, sharti kwanza akiuze kwa daktari wa Bologna, chenye viti vya nyuma, buti, kipasha joto na dhamana. Kila uvumbuzi ulipitia dukani. Ndiyo maana ukiyatazama matoleo ya Delta moja baada ya jingine unaweza kusoma mwilini mwake alama za vita vyote lililopigana. Toleo la mwaka 1986, HF 4WD, lilikuwa na farasi 165 na magurudumu manne yanayovuta, lakini limebanwa: matairi membamba, nafasi ndogo ya kupitisha hewa, injini imejaa hadi ukingoni. Mashindano yakawaonyesha pa kupanua. Mwishoni mwa 1987 likaja Integrale, vilinda matope vimetuna ili matairi mapana yaingie, pua imetobolewa ili hewa ipite. Farasi 185. Kisha mwaka 1989 wakaweka kichwa cha injini chenye vali 16, na kichwa kile kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza, bonneti haifungi. Mtu mwingine angechora gari upya. Hawa waliivimbisha bonneti, wakaiachia nundu palepale. Toleo la Evoluzione la 1991 lilipanuliwa tena, na magurudumu yaliyokuwa yakishikwa na boliti nne yakapewa tano.

Hakuna mchoraji aliyekaa mezani akasema, tufanye gari lenye nundu, mabega na matundu. Barabara ilisema hapa pananibana, fundi akaongeza. Barabara ikasema hapa pamevunjika, fundi akaongeza tena. Mistari safi ya Giugiaro ilibaki chini ya nyama hiyo yote, bado inaonekana, na ndiyo maana Delta halikugeuka kituko. Injini yake ilikuwa ile ya shafti mbili za juu ambayo asili yake ni kazi ya Aurelio Lampredi, mtu aliyewahi kuwatengenezea Ferrari injini kabla ya kuhamia Fiat: bloku la chuma cha kusubu, lita mbili, turbo, na shafti mbili ndogo za kutuliza mtetemo. Si injini ya ajabu. Ni injini iliyokwisha kufanya kazi katika magari ya kawaida ya Kiitaliano kwa miaka ishirini hivi, ambayo fundi yeyote wa Torino angeweza kuifungua macho yake yakiwa kwingine.

Jambo moja linanichekesha kila nikilifikiria. Integrale halikuwahi kutengenezwa likiwa na usukani wa kulia. Waingereza na Wajapani waliolitaka walikaa upande wa kushoto wakavumilia. Kenya pia, nchi ya kupitia kushoto, ililiona likishinda huku dereva amekaa upande usio wake. Sisi Wakongo tunapitia kulia, kwa hiyo Delta lingetufaa kama lilivyo. Lakini magari yetu mengi hapa Butembo ni ya usukani wa kulia, Toyota zilizotumika Japani zikaja kwa Mombasa, na shoferi anayetaka kulipita lori lazima amwombe abiria wa mbele amchungulie kama njia ni nyeupe.

Sasa Safari yenyewe, maana bila kuifahamu hutaelewa ushindi wa 1988 ulikuwa na uzito gani. Ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka ya themanini ilikuwa bado ni siku kadhaa za Pasaka, zaidi ya kilomita 4,000, katika barabara ambazo hazikufungwa. Basi la abiria linakuja, ng'ombe wanavuka, mchungaji anatazama, na gari la mashindano linapita katikati yao. Timu tajiri ziliweka helikopta juu ya gari kumwonya dereva nini kipo mbele. Pasaka ni mvua za masika, na mvua Afrika Mashariki inaweza kukupa vumbi saa nne na matope ya kufika kwenye ekseli saa kumi, katika kijiji hicho hicho.

Barabara ya namna hii haivunji gari kwa pigo moja. Shimo kubwa unaliona, unapunguza mwendo. Kinachoua ni ile njia ya changarawe iliyojikunja mawimbi kama bati la paa, kilomita baada ya kilomita. Ndani ya amortiseri kuna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye matundu membamba. Kila gurudumu linapopanda na kushuka, mtikisiko ule hugeuzwa joto. Katika barabara nzuri joto hupotea hewani. Katika mawimbi halipati nafasi ya kupotea. Mafuta huwa mepesi, hutoa povu, na pistoni hubaki inasukuma povu. Hapo gurudumu huanza kurukaruka, boliti hulegea, mshono wa bodi hufunguka, bomba la breki husuguana na chuma mpaka litoboke. Dereva haoni chochote. Anahisi tu kwamba gari limeacha kumsikiliza. Mafundi wa Butembo ugonjwa huu wanaujua vizuri. Ukiwaletea Noah kutoka Kampala, kabla hata hujawaeleza shida, wameshalala chini wanatazama amortiseri kama zinavuja.

Kwa hiyo Delta la Safari liliinuliwa, likaongezwa vyuma mshononi, likawekewa ngao nene chini ya injini na mabomba ya kukinga ng'ombe mbele. Likashinda 1988, likashinda 1989 kwa mikono ya Biasion yule yule, ambaye miaka yote miwili aliibuka bingwa wa dunia; na 1991 likashinda tena na Juha Kankkunen. Kwa jumla Lancia ilichukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji mara sita mfululizo, kuanzia 1987 hadi 1992. Hakuna aliyefikia hapo kabla yake.

Lakini nisiwe mpambe. Delta halikwenda peke yake. Enzi zile timu iliruhusiwa kulitengeneza gari karibu popote njiani. Magari ya huduma yalikimbia pembeni, vipuri vimetawanywa vijijini, mafundi wanasubiri chini ya mti wakiwa na amortiseri mpya mkononi, na wengine wako juu hewani, tayari kuteremka gari likisimama porini. Delta lilikuwa imara, naam, lakini uimara wake ulikuwa pia wa jeshi lililolizunguka. Ukimwambia shoferi wa Fuso aliyekwama njia ya Kasindi, mpakani na Uganda, kwamba kuna watu waliletewa giaboksi kwa helikopta, atakuuliza hao walikuwa wanashindana na nani.

Focus lilizaliwa katika sheria nyingine. Gari la duka lilitoka mwaka 1998 kuchukua nafasi ya Escort, na lilikuwa zuri kwa namna isiyopiga kelele. Ford ilikuwa na mhandisi Mwelshi, Richard Parry-Jones, aliyeshikilia kwamba hata mnunuzi wa gari la bei nafuu anastahili gari linalokaa barabarani vizuri. Wakati washindani wengi wa bei ile walitumia nyuma chuma kimoja kilichounganisha magurudumu mawili, Focus lilipewa mfumo ambao kila gurudumu la nyuma linajitegemea, mkono wake mkuu ukiwa bapa la chuma lililogongwa kwa mashine ili gharama isipande. Hiyo nayo ni kazi ya ufundi wa hali ya juu, tena ya aina ninayoistahi zaidi: kutengeneza kitu kizuri kwa chuma rahisi. Likawa gari la mwaka la Ulaya la 1999.

Kwa upande wa mashindano mambo yalikuwa tofauti. Tangu 1997 kulikuwa na daraja jipya ambalo halikumlazimisha mtengenezaji kuuza magari 5,000 ya moto. Ilitosha awe na gari la kawaida linalouzwa kwa wingi. Turbo na magurudumu manne ya kuvuta angeviongeza mwenyewe kwa ajili ya mashindano, kwa vifaa vya magari 20 tu. Focus la dukani lenye injini ya petroli halikuwa na turbo wala halikuvuta kwa magurudumu manne. Lile la McRae lilikuwa na vyote. Liliundwa na M-Sport, karakana ya Malcolm Wilson huko Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, na chini ya ganda lile la kifamilia kulikuwa na gari lingine kabisa. Giaboksi ilitolewa mahali pake pa kawaida ikalazwa kwa urefu wa gari ili uzito usogee katikati. Injini ya lita mbili ilipumua kupitia tundu la milimita 34 tu, kama sheria ilivyotaka, ikatoa farasi wapatao 300. Safari ilipofika wakaliongezea bomba la kuvutia hewa lililopanda kandokando ya kioo cha mbele, ili mito isiizime injini.

Huyu ni fundi wa aina nyingine. Wa Delta alirithi gari akalitibu jeraha kwa jeraha. Wa Focus alilifikiria gari zima kabla ya kukata bati la kwanza, akajiuliza kila kilo ikae wapi. Na alikuwa na haraka. Mashindano ya kwanza ya gari hilo, Monte Carlo, Januari 1999, matokeo yake yalifutwa kwa sababu ya pampu ya maji isiyolingana na kanuni. Ya pili yalikuwa Sweden. Ya tatu yalikuwa Safari. Gari la miezi miwili, lililokwisha kuonja lami na theluji tu mbele ya watu, likapelekwa mahali ambapo Stratos ilishindwa. McRae akashinda kwa zaidi ya dakika kumi mbele ya Toyota Corolla mbili za Didier Auriol na Carlos Sainz. Mwezi uliofuata akashinda Ureno. Baada ya hapo mwaka ukawa mchungu: mashindano yaliyobaki hayakumpa ushindi mwingine hata mmoja, mengi yakimwishia gari likiwa limevunjika au limepinduka.

Kwa nini Safari, yenye sifa ya kuvunja kila kitu, ilikuwa nyepesi kwake kuliko barabara laini za Ulaya? Jibu langu ni dereva. McRae alijulikana kwa kupindua magari. Mashabiki walimpenda kwa hilo na makanika walilia. Lakini Kenya alikuwa mtu mwingine. Alikwisha kushinda huko mwaka 1997 na Subaru, na alijifunza kwamba Safari haishindwi na anayekanyaga, bali na anayejua lini aachie. Kuna jiwe unalolipita kwa kasi na kuna jiwe unalosimama ukaliamkia. Kulijua hili kwa kilomita elfu moja za mwendo wa mashindano, ukiwa na hasira ya ushindani kifuani, ni ustadi sawa na wa yule aliyechomelea bodi. Watu hudhani kwenda polepole ni kukosa ustadi. Aje mtu huyo apande Fuso iliyobeba tani kumi za mbao katika mteremko wa utelezi, aone shoferi mzuri anavyochagua gia juu ya kilima na asiiguse tena mpaka bondeni.

McRae alirudi akashinda Safari ya Julai 2002, Focus lile lile likiwa limekomazwa kwa misimu mitatu. Ulikuwa ushindi wake wa 25 katika ubingwa wa dunia, wakati ule hakuna dereva aliyekuwa na mwingi zaidi, na haukufuatwa na mwingine; alifariki katika ajali ya helikopta mwaka 2007. Wa pili siku ile alikuwa Mfini Harri Rovanperä ndani ya Peugeot 206. Mwanawe Harri, Kalle, alikuwa hajatimiza miaka miwili. Akaja kuishinda Safari mwenyewe mwaka 2022, maana baada ya 2002 mashindano yaliondolewa katika ubingwa wa dunia kwa karibu miaka ishirini, yakarejea Naivasha mwaka 2021.

Kati ya Delta na Focus kulikuwa pia na badiliko la huduma. Kufikia enzi za Focus, matengenezo yalifungiwa katika maeneo maalumu na kwa dakika zilizohesabiwa. Nje ya hapo dereva na msomaji ramani wake walikuwa peke yao, na spana walizobeba kwenye buti. Ukikatika mkono wa usukani porini, unashuka, unalala mavumbini, unafunga kwa kamba ulichonacho, unatambaa hadi kwenye huduma. Hapa ndipo hukumu yangu inapopinda. Kwa bodi na duka, Delta ndilo gari la watu, maana ulichokiona Kenya ungeweza kukinunua. Kwa namna ya kusafiri, Focus ndilo jirani yetu. McRae na Grist wakiwa wamelala chini ya gari lao na nyundo ni picha ambayo kila mtu wa njia ya Beni anaielewa bila maelezo.

Ford waliona aibu kidogo, nadhani, kwa kuwauzia watu Focus lisilo na undugu na lile la mashindano isipokuwa sura. Mwaka 2002 wakatoa Focus RS, 4,501 tu, buluu, turbo, farasi 215. Lakini lilivuta kwa magurudumu ya mbele peke yake, na nguvu zote hizo zikipita mahali pamoja pa kuvutia na kukatia kona, usukani ulimnyang'anya dereva mkono. Waliolipenda walilipenda kwa ubishi wake. Mimi naliona ni gari lililotengenezwa na watu hodari walionyimwa sheria nzuri. Wangelazimishwa kuuza magari 5,000 ya magurudumu manne ya kuvuta, wangeyatengeneza, na yangekuwa bora. Ford ilikuja kuliuza Focus RS la magurudumu manne ya kuvuta mwaka 2016, wakati McRae hayupo tena na timu ya Wilson imekwisha hamia kwenye Fiesta.

Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua, nachagua Delta, na si kwa sababu ya ushindi wake mwingi. Nalichagua kwa ile nundu ya bonneti. Fundi aliyeacha nundu mahali injini ilipokataa kuingia aliweka wazi hesabu yake, kila mtu aione: hapa tulikosa nafasi, tukafanya hivi. Katika garaji za Butembo ndivyo kazi inavyofanyika. Corolla ikija chini sana kwa barabara zetu, huwekewa vipande vya chuma juu ya spring ikainuka. Lori likipasuka chesisi, hupigwa bamba ubavuni na bamba lile halifichwi kwa rangi. Piesi isiyopatikana dukani huchongwa, au huazimwa kutoka gari la aina nyingine ikalazimishwa kukubali. Mteja mwenye macho huyasoma magari haya akajua yalipita wapi na nani aliyatibu. Kuna garaji ambazo kazi zake nazitambua barabarani kwa namna bamba lilivyokatwa.

Focus la M-Sport haliwezi kutibiwa hivyo. Linadai karakana yake, kompyuta yake na piesi zake zenye namba. Uzuri wake ni wa mtu aliyekwisha kuyamaliza maswali yote mezani. Nauvulia kofia. Ila katika barabara ya Kipese maswali hayaishi mezani.

Delta mengi ya toleo la mwisho yalikwenda Japani, na Japani ndiyo inayotulisha magari, lakini sijawahi kusikia hata moja likipita Kasindi. Wajapani wanayatunza, na wanaoyauza wanayarudisha Ulaya kwa bei ambayo ingenunua kontena zima la Probox. Hata hivyo kuna kitu kinachokuja. Mwaka 2020 Toyota ilitoa GR Yaris, kigari cha milango mitatu, silinda tatu, turbo, magurudumu manne ya kuvuta, kilichobuniwa ili kipate ruhusa ya kushindana: sheria ya Delta ilirudi kwa mlango wa nyuma, safari hii kwa Wajapani. Leo kinauzwa ghali na kinafunikwa turubai usiku. Lakini magari ya Japani yana njia yao ya kuzeeka. Baada ya miaka kumi na tano hivi kimoja kitateremshwa Mombasa kikiwa kimechubuka, kitavuka Malaba na Mpondwe kwa zaidi ya kilomita 1,500, na mfanyabiashara wa Butembo atakinunua kwa kudhani ni Yaris tu. Fundi atalala chini yake, atakuta shafti ya kwenda nyuma asiyoitarajia, ataita wenzake waje waone. Halafu watakiinua sentimita tano, na kukifunga chombo cha kubebea mizigo juu ya paa.